Hatua Iliyotiwa Saini

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za kabati langu hapa Kibaha. Jumatatu nikaamka alfajiri kama kawaida, nikapiga pasi shati, ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Vijana wa kitengo walikuwa wameniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukitengeneza mifumo ya kumbukumbu enzi zetu, kabla wao hawajaenda mafunzoni. Nadhani walitarajia ushauri, na ushauri ninao mdogo. Nilicho nacho ni habari ya mfumo mmoja nilioutengeneza kwa mikono yangu, nami nitaifikia kwa mpangilio, maana bila mwanzo wake haitaeleweka.

Nilianza kazi mwaka uliofuata Uhuru, katika masjala ya ofisi moja pale Kisarawe. Masjala ni chumba cha mafaili. Barua zote zinazoingia na kutoka hupitia hapo, na karani wa masjala hujua siri za ofisi kuliko mkubwa wake. Nilikuwa nimetoka Maneromango, kwa wazazi wangu, nikiwa na viatu vya kuazima na hati nzuri ya mkono. Mkuu wa masjala aliitwa Mzee Pazi. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, halafu akaendelea kuandika. Nikatafuta kiti, sikukiona.

"Kiti ni cha mtu anayejua faili liko wapi," akasema bila kuinua kichwa.

Nilisimama wiki mbili. Mwisho wa wiki ya pili alitaja faili la kisima cha shule fulani, nami nikalitoa bila kufikiri. Akanyoosha kidole kwenye kona, kulikokuwa na kiti kilichofunikwa magunia.

Simsifu Mzee Pazi kupita kiasi. Alidhani mashine ya kuchapa ni upuuzi wa kupita, na mtu akimuudhi, faili lake lilipotea mpaka aombe radhi. Lakini kuna siku alinituma nichore fomu ya watu wanaoomba kibali cha kuchoma mkaa. Nikaichora kwa rula, visanduku ishirini na kimoja, mistari imenyooka. Akaitazama.

"Umewahi kumwona mchoma mkaa?"

"Nimewaona barabarani, mzee."

"Nenda msituni ukakae nao siku tatu. Ukirudi, chora tena."

Nikaenda. Niliporudi nilifuta zaidi ya nusu ya visanduku. Nilikuwa nimeuliza anwani ya mtu anayelala chini ya turubai, na jina la kitaalamu la mti ambao yeye huuita kwa lugha ya bibi yake. Fomu mpya ilikuwa mbaya kuitazama, ila watu waliijaza. Huo ndio uliokuwa mtaala mzima wa Mzee Pazi kuhusu mifumo. Alistaafu wakati vijiji vya ujamaa vilipoanza kuzungumzwa, akarudi kwao kulima mihogo, na sikumwona tena.

Ofisi ilipohamishia kazi kubwa Kibaha, nami nikahamishwa. Nilipata chumba mtaa wa Sofu, na nikapelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya miezi mitano. Huko ndiko nilikoiona kompyuta kwa mara ya kwanza. Ilikaa katika chumba chenye baridi kuliko kanisa la asubuhi, na sisi wanafunzi tuliitazama kupitia kioo. Habari hazikuingia humo kwa kalamu. Makarani wanawake, waliokaa kwenye safu kama wa taipu, walitoboa matundu kwenye kadi ngumu. Kila kadi ilikuwa mtu mmoja au jambo moja, na mashine ilisoma matundu na kutoa orodha ndefu kwenye karatasi iliyokunjwa kama kitambaa. Tulipewa kila mmoja rula ya plastiki yenye maumbo ya kuchorea: mstatili wa kazi, almasi ya uamuzi, mviringo wa mwanzo na mwisho. Niliipenda ile rula. Kwa muda fulani niliona dunia yote inaweza kuchorwa kwa maumbo yale, na palipokuwa na almasi palikuwa na njia mbili tu, ndiyo au hapana.

Mkuu wa kitengo chetu kipya alikuwa Ndugu Lweno, mtu wa bara, mpole, mwenye miwani mizito, aliyesoma nje miaka minne. Nataka nimtendee haki. Hakuwa mvivu wala mwenye majivuno. Alikula mihogo ya kuchoma pamoja nasi Maili Moja na kulipia zamu yake. Alikuwa na kitabu kimoja kinene cha utaratibu wa kujenga mifumo, nacho kilisema kazi ina hatua tano: kuchunguza, kubuni, kujenga, kusimika, na kutunza. Kila hatua huandikiwa ripoti, ripoti hutiwa saini, na hatua iliyotiwa saini imefungwa. Hakuna kurudi nyuma.

"Tatizo la nchi yetu, Ndugu Elia," alikuwa akiniambia, "ni kwamba kila siku tunaanza upya. Tukijifunza kumaliza hatua moja kabla ya kuingia nyingine, tutafika."

Niliamini. Nilikuwa nimeona ofisi zikianza mambo kumi na kumaliza moja.

Kazi ya kwanza kubwa tuliyopewa ilikuwa orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu wa upande wa Kisarawe. Siku hizo mgonjwa alichomwa sindano kwa miezi miwili, halafu akameza vidonge mwaka mzima. Akikatiza, ugonjwa hurudi ukiwa mkaidi. Dawa zilikuwa chache, nazo zilikuja zahanati kwa kukisia: huku zinaoza, kule hazitoshi. Wazo letu lilikuwa jema. Kila mgonjwa apewe namba, kila baada ya miezi mitatu zahanati ilete fomu, kadi zitobolewe Dar, mashine itoe orodha, na dawa zitoke kwa idadi ya majina yaliyomo.

Hatua ya kuchunguza niliifanya mimi. Nilikwenda zahanati moja ndogo, mbele ya Maneromango, wakati wa kiangazi gari likiwa bado linapita. Aliyekuwapo ni nesi mmoja, Damari, binti wa mkulima wa huko huko, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alinionyesha daftari lake, lile kubwa lenye jalada gumu. Sikulielewa. Wagonjwa hawakupangwa kwa vijiji wala kwa alfabeti.

"Umewapangaje, dada?"

"Kwa mtu wa kumpata," akasema. "Huyu hapa nikitaka kumpata namwambia mwuza samaki wa Alhamisi. Hawa wanne nampa habari mwalimu wa kwaya. Huyu, mama mkwe wake."

"Kwa nini usiandike kijiji?"

"Kijiji kipi, Kaka Elia? Wakati wa korosho wako kwenye mahame yao, walikotoka kabla ya kuhamishwa. Mpunga ukianza kuiva wako bondeni madunguni wanafukuza ndege. Kijijini wanakuja kulala siku ya mkutano."

Alikuwa na mgonjwa siku ile, mwanamke kijana aliyeitwa Zuhura, aliyefuata vidonge vya mwezi wa tatu. Alikuja na mumewe, Selemani, aliyembebea mtoto. Niliomba nimtumie kujaribia fomu yangu, akakubali, akacheka kila nilipouliza swali. Nilipofika kwenye kisanduku cha kijiji, alimtazama mumewe.

"Tuseme wapi?"

"Sema hapa," akasema Selemani. "Si ndipo tulipoandikwa?"

Nikaandika jina la kijiji kile. Namba yake ilikuwa ya kumi na nne, ikitanguliwa na namba ya kijiji. Alikuwa ameanza kunenepa. Damari alinionyesha kwa fahari jinsi kitambaa cha kilemba kilivyokuwa hakimzunguki tena kichwani kama zamani, maana nywele zilikuwa zimerudi. Nilikaa pale kwa muda wa saa sita. Nilitakiwa kwenda zahanati nyingine mbili kabla ya giza, na petroli ilikuwa ya kupimiwa.

Kibaha nikaandika ripoti. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili kuhusu mahame, madungu, na mtu wa kumpata. Ilipofika wakati wa kuichapa, nikaona kurasa hizo hazina pa kukaa. Utaratibu ulitaka majedwali: kitu gani kinaingia, kitu gani kinatoka, herufi ngapi. Kadi ilikuwa na nafasi themanini tu. Mtu wa kumpata hana idadi ya herufi. Nikazitoa kurasa zile. Hakuna aliyeniambia nizitoe. Nilizitoa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, ili ripoti ipendeze, na Ndugu Lweno akatia saini, nami chini yake.

Tukabuni. Mashine itakagua kila kadi: namba ya mgonjwa ikianza na namba ya kijiji isiyolingana na kijiji kilichoandikwa kwenye fomu, kadi hiyo itakataliwa. Mgonjwa asiyekuwa na kadi iliyokubaliwa kwa vipindi viwili mfululizo, mashine itaandika mbele ya jina lake AMEACHA DAWA na kumtoa. Niliichora almasi ile kwa rula yangu ya plastiki. Ndiyo, hapana. Ilikuwa almasi nzuri.

Tulipokuwa katikati ya kujenga, vijiji vikapangwa upya. Viwili viliunganishwa, kimoja kikagawanywa, na orodha mpya ya namba za vijiji ikaletwa. Nilipoiona nikajua. Nikaipeleka kwa Ndugu Lweno.

"Namba za wagonjwa zimefungwa na vijiji vya zamani," nikamwambia. "Tukisimika hivi, fomu nyingi zitakataliwa. Turudi hatua ya pili, tuitoe namba ya kijiji ndani ya namba ya mgonjwa."

Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Hatua ya pili imekwisha kutiwa saini. Kadi zimeshaagizwa. Tukirudi leo kwa vijiji, kesho tutarudi kwa lingine. Hiyo ni kazi ya hatua ya tano, matunzo. Liandike, tutalirekebisha huko."

Alisema maneno hayo bila ukali, na yalikuwa na mantiki. Nikafungua faili, nikaliandika juu MAREKEBISHO YA BAADAYE kwa hati yangu nzuri, nikaweka humo karatasi moja. Kisha tukasimika.

Damari alihudhuria mafunzo ya kujaza fomu pamoja na wenzake, siku mbili. Aliuliza swali moja: aandike kijiji cha zamani au kipya. Mwezeshaji, ambaye alikuwa mimi, akajibu andika ukweli. Kwa hiyo aliandika kipya. Fomu zake zote zilikuwa safi, bila kosa la kalamu, na nyingi zilikataliwa.

Barua yake ya kwanza ilifika baada ya kipindi cha kwanza. Aliandika kwamba orodha imerudi ikionyesha fomu za wagonjwa wake wengi zimekataliwa. Niliisoma, nikaona ni jambo lile lile, nikaitia kwenye faili la marekebisho. Ya pili, baada ya kipindi cha pili, ilisema dawa zimekuja pungufu, anagawa alivyoweza. Nikaipeleka kwa Ndugu Lweno. Akasema hatua ya kusimika haijafungwa bado, ngoja ripoti. Ya tatu ilikuwa fupi: "Ndugu, naomba mtu aje." Wakati huo magari mengi yalikuwa yamekwenda kwenye mambo ya vita na mafuta hayakupatikana, halafu mvua zikaanza. Hizo ni sababu za kweli. Nimezirudia moyoni mara nyingi na kila mara zimekuwa za kweli, wala hazijanisaidia.

Nilikwenda mwishoni mwa masika. Lori liliniacha Maneromango, sehemu iliyobaki nikatembea kwenye tope na viatu mkononi. Nilikuwa nimebeba orodha mpya ndani ya mfuko wa nailoni.

Damari alinikaribisha maji. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Alifungua daftari lake la zamani, lile jalada gumu, na kuniambia kwamba kumi na mmoja walitolewa kwenye orodha. Alikuwa amegawa dawa za waliobaki kwa wote, kila mmoja akapata nusu, mpaka aliposhindwa.

"Nilijua nusu ni mbaya pengine kuliko kukosa," akasema. "Lakini wewe ungemwambia nani arudi mikono mitupu?"

Nikamwuliza kuhusu Zuhura. Alifunga daftari.

"Amezikwa wiki ya tatu sasa. Mumewe yupo, nyumba ile ya pili. Ukitaka nitakusindikiza."

Sikutaka. Nikaenda.

Selemani alikuwa anachonga mpini wa jembe barazani. Mtoto alikuwa amelala juu ya mkeka. Aliniamkia, nikaitikia, nikampa pole. Akaniletea kigoda. Akachonga kidogo, halafu akasema, "Wewe ndiye mzee aliyekuja na ile fomu."

"Ndiye mimi."

"Alikuwa akikuiga ulivyokuwa ukiuliza. Sisi tulicheka sana." Akaweka mpini chini. "Nesi anasema jina lake lilitolewa Kibaha. Kwa nini lilitolewa?"

Nilijaribu kueleza. Nilianza na vijiji, nikaingia kwenye namba, nikafika kwenye kadi. Alinisikiliza kwa makini kama mtu anayefundishwa kazi. Nilipomaliza akauliza kama anaweza kuiona hiyo karatasi. Nikaitoa kwenye mfuko, nikaikunjua juu ya magoti yetu sote wawili mpaka jina lilipo. Alikuwa amesoma madarasa ya watu wazima. Alifuata kwa kidole, taratibu.

"Ameacha dawa," akasoma.

Akaondoa kidole kwenye karatasi.

"Hakuacha." Sauti yake haikupanda. "Tulitoka madunguni usiku wa manane ili asubuhi tuwe zahanati. Nilimbeba mgongoni mara mbili. Dawa ndizo zilizomwacha. Hapa mmeandika uongo, mzee."

"Ni kweli. Ni uongo."

"Basi andika alivyokuwa."

Nilitoa kalamu. Nikakata yale maneno kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni: Hakuacha. Alinyimwa. Akaomba nimsomee, nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali, akaokota mpini wake, akaendelea kuchonga. Niliondoka nikijua kwamba mashine haisomi pembeni, na kwamba orodha ya kipindi kijacho ingetoka bila jina wala mstari wangu.

Kibaha niliiweka karatasi ile mezani kwa Ndugu Lweno. Aliitazama muda mrefu. Hakutaja hatua yoyote. Siku ile ile aliandika kwa mkono barua ya kuomba dawa za wale kumi waliobaki, akaipeleka mwenyewe Dar kwa basi. Dawa zilitoka. Damari aliwapata saba. Wengine watatu walikuwa wamekwishaondoka, hata mwuza samaki hakujua walikokwenda. Nikaomba tena tuibomoe ile namba. Akaniambia ataweka ombi langu kwenye ripoti ya kufunga kazi, na aliliweka kweli, ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa Mengineyo. Damari alihamishwa mwaka uliofuata kwa kulalamika nje ya utaratibu. Uhamisho huo haukutoka kwetu, lakini malalamiko yalikuwa barua zake kwangu, na nakala zilitoka kwenye faili langu.

Kisha ukafika mkutano wa kufunga kazi. Ulifanyika mchana, ukumbini, watu kama arobaini, soda za kugawana. Mgeni mmoja kutoka juu alisoma muhtasari: mfumo umekamilika hatua zote tano, fomu zinarudi kwa wakati, upotevu wa dawa umepungua. Yote hayo yalikuwa kweli. Dawa hazikuoza tena, kwa kuwa hazikutoka. Akauliza kama walioufanyia kazi vijijini wana la kuongeza, akanitaja mimi kwa jina.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Karatasi ilikuwa mfukoni, na sentensi ya kwanza nilikuwa naijua kwa moyo. Ndugu Lweno alikuwa amekaa mstari wa mbele, shingo imeinama, nami nikafikiri jinsi atakavyofedheheka, na jinsi saini yangu ilivyo chini ya yake, na kwamba wote waliokuwamo walitaka kwenda kula. Sijui ni lipi kati ya hayo lililonifunga mdomo. Nimekuwa na miaka ya kulichunguza jambo hilo, na bado sina ripoti.

"Sina la kuongeza," nikasema, nikakaa.

Mwenyekiti wa mkutano akashukuru. Akapendekeza utaratibu huo utumike katika wilaya nyingine zote za mkoa, kama ulivyo, bila kubadilishwa, ili kuokoa muda. Akaomba wanaoafiki wanyooshe mikono. Mikono ikanyooshwa, na wangu ulikuwamo.